Kwa Nini Tulihama Ruiru

Nekesa mama,

Mama yako ametoka kwenda kukutafutia sweta. Kila mtu hapa Makongeni amemwambia Lodwar unakokwenda kuanza kazi ni joto, lakini amesema hajawahi kuona mtoto akisafiri bila sweta. Nimebaki peke yangu nyumbani, ni saa kumi na moja jioni, na nimeona nikuandikie kabla hamjarudi. Wewe uko kwa shangazi yako unaaga. Nina muda wa saa mbili hivi.

Mambo ya chakula, kanisa, kupiga simu Jumapili na kutokopesha watu usiowajua ameshakuambia mama yako, tena mara mbili. Mimi nina jambo moja tu, na nimelikalia miaka kumi.

Siku ile ulipoleta barua ya kazi, mama yako alipiga vigelegele mpaka jirani akatoka na mwiko mkononi. Mimi niliingia chumbani nikafunga mlango. Ulifikiri nimekwenda kulia kwa furaha, nikakuacha ufikiri hivyo. Ukweli ni kwamba nilisoma maneno "mkaguzi wa ujenzi" nikaingiwa na hofu. Mtu atakuletea karatasi, atakuambia darasa limekwisha, daraja limekwisha, nawe utaandika jina lako chini. Mimi niliwahi kuletewa karatasi kama hiyo.

Unakumbuka tulivyohama Ruiru. Ulikuwa kidato cha pili, ukarudi kutoka bwenini likizo ya Agosti ukakuta vyombo vimefungwa kwenye magunia. Ulilia sana kwa sababu ya kumwacha Njeri, mtoto wa Kamau. Nilikuambia nimepata kazi kiwandani huku Thika. Nilikudanganya. Kazi ya kiwanda niliipata miezi minne baadaye. Tulihama kwa sababu nilikuwa siwezi tena kupita njia ya Machimbo, mtaa wetu, mchana.

Acha nianze na Mwalimu. Wewe unamjua kama kila Mkenya anavyomjua sasa, kwenye televisheni, na walinzi wake. Ulipokuwa darasa la tano alikufundisha hesabu, huenda hilo unalikumbuka. Lakini kuna siku hukuiona kwa sababu ulikuwa mdogo. Ukuta wa timbo tulikokuwa tukichonga mawe ulimwangukia kijana mmoja kutoka Kakamega, aliyekuwa na wiki tatu tu kazini. Mwalimu alisikia kelele akaacha darasa lake, akaja mbio na suruali yake ya kupigwa pasi, akachimba mawe kwa mikono pamoja nasi mpaka kucha zikatoka damu. Tulimtoa kijana amekufa. Mwenye timbo hakutuma hata mtu wa kutoa pole. Mwalimu aliomba ruhusa shuleni, akapanda gari na sisi na jeneza mpaka Kakamega, akalala matangani siku mbili kwenye nyasi. Mkikuyu peke yake katikati yetu Waluhya, anakula alichopewa, anaimba nyimbo asizozijua maneno. Mama ya yule kijana alimshika mkono akakataa kuuachilia.

Kwa hiyo aliposema anataka kiti cha ubunge, hakukuwa na haja ya kunibembeleza. Nilimpigia debe kama mtu aliyelipwa, na sikulipwa. Nilienda nyumba kwa nyumba pale Machimbo baada ya kazi, vumbi la mawe likiwa bado kwenye nyusi. Alikuwa ameahidi kitu kimoja tu: jengo la akina mama kujifungulia, kwa sababu wanawake wetu walikuwa wakizalia njiani. Watu wakisita niliwaambia, "Huyu mkimwona ameiba, msihangaike naye. Njooni mnishike mimi." Nilisema hivyo kwa watu wengi, Nekesa. Nilikuwa napenda jinsi maneno hayo yalivyosikika.

Kamau alikuwa rafiki yangu kuliko ndugu zangu wa tumbo moja. Tulijenga naye nusu ya nyumba za mawe unazoziona ukitoka Ruiru kwenda Gitothua. Yeye alinicheka.

"Mimi Mwalimu simkatai," aliniambia. "Lakini wewe, Wafula, unamsifu kama umemzaa."

"Ulimwona kule timbo."

"Nilimwona. Hakuwa na kiti siku ile."

Nikamkasirikia. Siku tatu tulichanganya saruji pamoja bila kuongea.

Mwalimu akashinda, akawa Mheshimiwa. Na jengo likaanza kweli, si hewa. Iliundwa kamati ya wananchi ya kuangalia kazi, mimi na Kamau tukawekwa kwa kuwa ni mafundi. Mkandarasi alitoka mbali, hatukuwa tunamwona sana. Kuta zilipanda, bati likaezekwa, rangi ikapakwa, nyeupe juu na buluu chini. Kwa mbali lilikuwa zuri mpaka wanawake wakawa wanapitia pale makusudi wakitoka sokoni.

Mwezi wa Juni, mwaka mmoja kabla ya kuhama, tukaitwa kukagua. Tulizunguka vyumba vyote. Kwenye chumba cha kujifungulia Kamau alibonyeza swichi, hakuna kitu. Mtu wa mkandarasi akasema stima bado haijaletwa. Kamau alitoa bisibisi mfukoni, akafungua soketi ukutani, akaivuta. Nyuma yake palikuwa na tundu na vumbi. Hakukuwa na waya. Akafungua ya pili, vilevile. Ya tatu nilifungua mimi mwenyewe kwa mkono wangu. Walikuwa wamebandika soketi kwenye ukuta kama mtu anavyobandika picha. Nje, tangi la maji lilikuwa juu ya mnara wake, na bomba lilishuka kutoka kwenye tangi mpaka ardhini likaishia hapo.

"Mimi siweki sahihi," Kamau alisema. Mimi pia nikasema siweki. Tulirudi nyumbani tumekubaliana.

Kesho yake jioni Mheshimiwa alikuja kwetu. Hakumtuma mtu, alikuja mwenyewe, akainama kuingia mlangoni kwa sababu mlango ulikuwa mfupi, akakaa kwenye kile kiti chetu chenye mguu uliofungwa waya. Mama yako alimpa chai. Akaniambia, "Wafula, ndugu yangu, najua kuna vitu havijakamilika. Mimi si mjinga. Lakini mwaka wa serikali unaisha wiki hii. Tusipopeleka hiyo karatasi, pesa za jengo zinarudi, na akina mama wetu watangoja miaka mingine mitano. Weka sahihi. Mkandarasi anarudi mwezi ujao kumalizia, mimi mwenyewe nitasimama juu yake."

Nikamwambia, "Mheshimiwa, hakuna waya. Nimeona."

"Umeona ya leo," akasema. "Mimi nakuambia ya kesho. Huniamini?"

Ningependa kukuambia kwamba alinitisha, au alinihonga. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliniuliza kama namwamini, akanitazama kama alivyokuwa amemtazama yule mama wa Kakamega. Nikachukua kalamu. Sahihi zilizohitajika zilikuwa za wengi wa kamati, na yangu ndiyo iliyotimiza idadi. Alikuwa ameiacha nyumba yetu iwe ya mwisho.

Na kuna hili, ambalo nimejaribu mara nne kulikwepa katika barua hii. Wakati huo ulikuwa umefukuzwa shule kwa ajili ya karo, uko nyumbani wiki ya tatu. Siku kumi baada ya mimi kuweka sahihi, jina lako lilitoka kwenye orodha ya basari, ukalipiwa mpaka kidato cha nne. Sikuomba. Hakuna aliyeniambia ni ya nini. Lakini nilijua ingefaa niulize, na sikuuliza. Nilikununulia soksi mpya nikakupeleka shule.

Siku ya kufungua jengo kulikuwa na hema, viti vya plastiki na fulana za kugawa. Taa zote ziliwaka, watu wakapiga makofi, na mimi nikamtazama Kamau kwa jicho la kumwambia, unaona? Akaninong'oneza, "Nenda nyuma ya jengo." Nikaenda. Kulikuwa na jenereta ya kukodi inanguruma kwenye nyasi, na nyaya zimepitishwa dirishani. Saa kumi, sherehe ilipokwisha, vijana waliipakia kwenye lori ikaondoka. Nilisimama pale nikaliangalia lile lori likikata kona. Hata hapo, Nekesa, nilijiambia atarudi kumalizia.

Hakurudi mkandarasi, wala Mheshimiwa hakusimama juu ya mtu yeyote.

Mwezi wa Novemba Wambui, binti wa Kamau, dada mkubwa wa Njeri, alishikwa na uchungu. Ilikuwa mchana, mvua kubwa, wingu limefunga mpaka ndani ya jengo mkawa giza. Nesi alikuwepo, msichana mpole kutoka Murang'a, alifanya kila alichoweza kwa mwanga wa simu. Mtoto alitoka lakini hakulia. Mashine ya kumsaidia kupumua ilikuwapo, mpya, ndani ya boksi lake, na nesi aliifungua, akashika ule waya wake wa stima mkononi akawa anazunguka nao chumbani kama mtu aliyepotea. Hilo alilisimulia mke wa Kamau, aliyekuwa ndani. Walipopata gari la kuwaleta Thika, mtoto alikuwa ameshakufa. Alikuwa wa kiume.

Kamau hakuja kunipigia kelele. Ningependa angekuja.

Baada ya hapo magazeti yakaandika, si kwa ajili ya mtoto wa Wambui peke yake, kwani yalipatikana majengo mengine ya mkandarasi yuleyule sehemu nyingi. Ikaundwa kamati ya uchunguzi, wakubwa na vipaza sauti mezani, na mimi na Kamau tukaitwa. Usiku uliotangulia Mheshimiwa alinipigia simu. Alisema, "Tukishikana, hakuna kitakachotupata." Alisema "tukishikana" kana kwamba tuko timboni tena.

Kamau aliitwa kwanza, akaeleza yote, soketi moja baada ya nyingine. Kisha mimi. Mwenyekiti akauliza, "Bwana Wafula, uliingia ndani kabla ya kuweka sahihi?"

"Niliingia."

"Uliona soketi zisizo na waya?"

Nilifikiria ada yako. Nilifikiria jinsi nilivyojisifu mtaa mzima. Nikasema, "Sikumbuki kuona kitu kama hicho."

"Kwa hiyo mwenzako anatudanganya?"

"Labda alikosea."

Kamau hakuinua kichwa. Alikuwa anaangalia mikono yake juu ya magoti. Mpaka leo nikifunga macho naiona ile mikono, yenye nyufa za saruji, imelala tu.

Juma moja halikupita, Mheshimiwa akahojiwa redioni. Mama yako alikuwa dukani akinunua maziwa, mwenye duka akapunguza sauti alipomwona, lakini alikuwa ameshasikia. Mheshimiwa alisema hivi: "Mimi si fundi. Wananchi walikuwa na fundi wao, Wafula, aliingia, akakagua, akaweka sahihi, na majuzi ameapa mbele ya kamati kwamba hakuona kasoro. Kama kuna waliowahujumu watu wa Machimbo, ni hawa watu wa kuja, ambao hawana uchungu na mahali hapa."

Watu wa kuja. Mtu aliyelala kwenye nyasi za Kakamega.

Nilikwenda ofisini kwake. Nilikaa kwenye benchi kuanzia asubuhi na kofia mkononi. Alipotoka nikamfuata mpaka kwenye gari, nikamwambia, "Mwalimu, umenitaja jina." Niliteleza nikamwita Mwalimu. Akanigusa bega, akasema, "Wafula, hiyo ni siasa tu. Itapoa. Nitakutafuta." Dereva akafunga mlango. Hakunitafuta.

Pale mtaani, wale niliowaambia waje wanishike walikuja. Si wote, na hawakunipiga. Mzee mmoja alinisimamisha kwenye kioski akaniuliza kwa upole kabisa, "Ulisema tuje kwako. Sasa tumekuja, unatuambia nini?" Nikaacha nilichokuwa nanunua nikaondoka. Mlangoni tukaandikiwa turudi kwetu. Siku moja vijana wawili walikuwa wanatupia mawe paa letu, mama yako amejificha chini ya meza, na ghafla yakakoma. Nilichungulia dirishani. Kamau alikuwa amesimama mlangoni kwetu, amewakabili wale vijana. Alikaa hapo mpaka wakaondoka, kisha akaenda zake bila kugeuka. Wiki hiyo tukahama.

Uchunguzi ulilala. Mheshimiwa alipanda, unajua alikofika. Mwaka jana nilikuwa pale Kamenu nasubiri kuvuka barabara, msafara wake ukapita polepole, amechomoza kwenye paa la gari akipungia watu. Macho yake yalipita juu yangu kama yanavyopita juu ya mti. Na unajua kilichoniuma? Mkono wangu uliinuka nusu. Wenyewe tu, kabla sijaushika.

Halafu ikaja ile siku uliporudi kutoka maandamano na bendera shingoni, macho yamevimba kwa moshi wa polisi. Mama yako alianza kukukemea. Ukasema, "Hawa watu hawakuanguka kutoka mbinguni, baba. Ni nyinyi mliwaweka. Kila mmoja wenu alijua kitu, akanyamaza." Mama yako akakuambia umheshimu baba yako. Mimi nikaendelea kula ugali. Ulikuwa umenipiga mahali penyewe na hukujua.

Baada ya wewe kupata kazi hii nikaona siwezi kukuacha uende hivyo. Wiki tatu zilizopita, ile Jumamosi nilipokuambia nimekwenda mazishini, nilikwenda Gitothua. Ndiko Kamau anakokaa sasa. Aliyefungua mlango ni Wambui. Amenenepa kidogo, ana mtoto wa kike mgongoni. Alinijua mara moja. Yeye ndiye aliyeanza kusema.

"Siku ile mimi nikiingia pale," aliniuliza, "ulijua hakuna stima?"

"Nilijua."

Aliingia ndani na mtoto wake. Baadaye Kamau akatoka. Hakunikaribisha, tulikaa nje kwenye matofali. Nikamwambia ninataka kwenda kwa wapelelezi niseme yote, niliyoyaona na uongo nilioapa, na kwamba nimekuja kumjulisha tu, sikuja kuomba kitu. Akauliza ni siku gani.

Tulikwenda Alhamisi iliyopita, wawili. Afisa alikuwa kijana, umri wako. Aliniambia, "Mzee, unaelewa kwamba unajiweka ndani mwenyewe?" Nikamwambia naelewa. Akaandika kurasa sita, nikazisoma polepole moja moja, nikaweka sahihi. Kisha akamwandika Kamau. Alituambia faili ni la zamani, labda litafunguliwa, labda halitafunguliwa. Mheshimiwa ana mkono mrefu, sitakuficha. Huenda utasikia jina la baba yako redioni tena, safari hii ukiwa ofisini kwa watu, na nilitaka ulisikie kwangu kwanza.

Tulipotoka nje Kamau aliniambia, "Sijakusamehe, Wafula. Usije ukafikiri." Nikamwambia sifikiri. Tukatembea mpaka karibu na barabara ndipo akasema, "Ila mara ya kwanza nilikuwa peke yangu mbele ya wale watu. Si mchezo kuwa peke yako pale." Tukaachana.

Sitaki uondoke ukidhani nakuambia usimwamini mtu. Nilijaribu hilo miaka kumi. Sikupiga kura, sikuenda mkutano wa nyumba kumi, nikawa mtu wa kununa tu, na haikumzuia mwizi hata mmoja. Tena Mwalimu niliyemwamini kule timbo alikuwa wa kweli. Zile kucha zilitoka damu kweli. Sijui alipotea siku gani, na nadhani hata yeye hajui. Kosa langu halikuwa kumpenda. Nilifungua ile soketi ya tatu kwa mkono wangu, halafu nikamwachia mtu mwingine aniambie nilichoona. Hapo ndipo nilipoanguka, na ni mahali padogo sana, mtu anaweza kupapita bila kujua.

Cheti chako ni chako. Basari ilikuwa yangu mimi na aibu yake ni yangu, lakini mitihani uliifanya wewe.

Nilifikiri kuichomeka barua hii kati ya nguo zako uisome ukiwa umeshafika. Kisha nikaona huko ni kukimbia tena. Kwa hiyo nitakupa mkononi, leo, kabla ya chakula, na utaisoma hapa mezani. Mimi nitakuwa nje kwenye ngazi. Ukiwa na swali, njoo uniulize lolote, nitajibu. Na ukinyamaza, nitakaa hukohuko nje mpaka utakapotaka kuniona.

Ni mimi, baba yako,
Wafula